Ile nyota ya buluu si yenyewe: jinsi tunavyoitambua nyota iliyolipuka

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma habari za V838 Monocerotis, ile "nova" ya mwaka 2002 ambayo baadaye ilisemekana si nova ya kawaida. Katika picha za anga zilizopigwa miaka mingi kabla ya mlipuko, mahali pale pale panaonekana nyota hafifu yenye rangi ya buluu. Je, hiyo ndiyo iliyolipuka? Kama hakuna aliyekuwa akiichunguza wakati huo, wataalamu wanajuaje ilikuwa nyota ya aina gani? Na je, inawezekana kuitambua nyota kama hiyo kabla haijalipuka?

Jibu: Marahaba. Naanza na hiyo nyota ya buluu, maana ndiyo iliyowapoteza wengi. Nuru unayoiona katika picha zile, kwa sehemu kubwa, haitoki kwenye nyota iliyolipuka. Inatoka kwa jirani yake, nyota iliyokaa karibu nayo mno kiasi kwamba katika picha za kawaida za anga zinaonekana kama nukta moja. Kugundua kwamba nukta ile ilikuwa na zaidi ya nyota moja ndani yake ndiko kulikobadilisha mjadala wote. Ila ili uone kwa nini jambo hilo ni zito, yafaa kwanza tukumbushane nova ya kawaida ni kitu gani.

Nova ya kawaida ni kazi ya nyota mbili zinazozungukana. Mmoja wao ni kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kumaliza kuni zake: uzito unaokaribia wa Jua umebanwa ndani ya tufe lenye ukubwa wa Dunia. Kibete hicho hunyonya gesi ya mwenzake. Gesi, hasa haidrojeni, hurundikana juu yake kidogo kidogo mpaka sehemu ya chini ya rundo inafikia joto la mamilioni ya digrii, kisha muungano wa viini vya atomi unashika moto kwa mkupuo. Rundo linarushwa angani, kibete kinabaki, na unyonyaji unaanza upya. RS Ophiuchi imetuonyesha mzunguko huo mara kadhaa: 1898, 1933, 1958, 1967, 1985, 2006 na 2021.

Kwa hiyo nova ikiwa ya kawaida, nusu ya swali lako imekwisha kujibiwa kabla hujauliza: palikuwa na kibete cheupe. Kinachobaki ni kumjua mwenzake. Katika RS Ophiuchi mwenzake ni jitu jekundu, yaani nyota ya uzeeni iliyovimba na kupoa, na jitu hilo linaonekana vizuri hata wakati hakuna mlipuko. Mara nyingi zaidi mwenzake ni nyota ndogo iliyo hafifu kabisa. Mara chache hutokea kioja: V445 Puppis, iliyoonekana mwishoni mwa mwaka 2000, haikuonyesha haidrojeni hata chembe katika spektra yake, yaani nuru yake ikichambuliwa rangi moja moja, na kutokana na hilo tunasema kibete chake kilikuwa kikipokea heli badala ya haidrojeni. Hata hapo, lakini, kibete kipo.

V838 Monocerotis iliharibu mazoea hayo. Iligunduliwa tarehe 6 Januari 2002 na Nicholas Brown, mtazamaji wa anga wa Australia asiyekuwa mwajiriwa wa kituo chochote cha utafiti. Mwanzoni iliandikwa kuwa nova. Kisha, mwanzoni mwa Februari, ikaruka tena kwa mwangaza mkubwa zaidi ya ule wa kwanza, na Machi ikapanda mara ya tatu. Katika kipimo cha magnitudo, ambapo namba kubwa maana yake ni nyota hafifu na kila hatua 5 ni tofauti ya mara 100, ilitoka karibu 16 ikafika 6.7 hivi. Yaani iling'aa mara elfu kadhaa ya ilivyokuwa.

Kilichotushtua hasa kilikuwa rangi yake. Nova ya kawaida, siku zinavyokwenda, huzidi kuwa ya moto: ganda lililorushwa linapopanuka na kuwa jepesi, macho yetu yanapenya ndani zaidi hadi karibu na kibete chenye joto kali. V838 ilifanya kinyume. Ilizidi kupoa na kuwa nyekundu, na ilipofika Oktoba 2002 spektra yake ilifanana na ya kundi la L, kundi la nyota baridi ambalo hadi wakati huo tulilijua kwa vitu vidogo tu, vingi vikiwa vibete vya kahawia visivyoweza hata kuwasha haidrojeni. Hapa tulikuwa na jitu lenye kipenyo cha zaidi ya mara elfu moja ya kile cha Jua, lenye sura ya vitu hivyo vidogo. Halikuwa limerusha ganda na kuacha kitu cha moto katikati. Lilivimba lote.

Sasa swali lako: tunarudije nyuma kuijua nyota ya awali?

Hatua ya kwanza ni kuzitafuta picha za watu waliopiga anga kwa sababu zao nyingine kabisa. Kwa zaidi ya karne moja vituo vya anga vimekuwa vikipiga picha usiku baada ya usiku, zamani kwenye bamba za vioo. Hazina ya Harvard peke yake ina bamba zaidi ya laki tano. Kwa V838, wachunguzi walipekua bamba za Sonneberg, Ujerumani, na za Moscow, za kuanzia mwaka 1928 hadi 1994. Waliikuta ile nukta, ikiwa na mwangaza ule ule, haipandi wala haishuki kwa miaka zaidi ya sitini. Kwa macho ya haraka hilo laweza kuonekana ni jibu tupu, lakini ni ushahidi mzuri sana. Kibete kinachonyonya gesi hakitulii hivyo. Mwangaza wake hutetemeka kwa dakika, kwa siku, kwa miezi, kwa sababu gesi haimiminiki kwa utaratibu. Nyota iliyotulia miaka sitini inakuambia kwamba pengine hapakuwa na unyonyaji wa aina hiyo pale.

Hatua ya pili ni umbali, na hapa V838 ilitupa zawadi ambayo ni nadra kuipata. Nuru ya mlipuko ilisafiri pande zote, ikakutana na vumbi lililokuwepo kuzunguka nyota, ikaakisiwa kuja kwetu ikiwa imechelewa. Tunaita mwangwi wa nuru, na picha zake zilizopigwa na darubini ya Hubble ni miongoni mwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona katika kazi hii. Nuru iliyoakisiwa na vumbi kwa pembe mraba ndiyo inayopata mpolarisho, yaani mawimbi yake kutikisika kuelekea upande mmoja, mkubwa kuliko nyingine zote, na vumbi lililoko kwenye pembe hiyo liko mbali na nyota kwa umbali ambao nuru imesafiri tangu mlipuko, si zaidi, si pungufu. Basi tafuta duara lenye mpolarisho mkubwa kuliko kwingine, pima upana wake angani, linganisha na muda uliopita tangu mlipuko, umbali unapatikana. William Sparks na wenzake walifanya hivyo mwaka 2008, wakapata kiloparseki 6.1, sawa na miaka ya nuru 20,000 hivi. Hakuna nadharia ya nyota iliyotumika hapo, ni jiometria tu, ndiyo maana naiamini sana.

Umbali ukishajulikana, mwangaza unaouona unageuka kuwa nguvu halisi ya nyota. Lakini si kabla ya kuondoa athari ya vumbi lililo njiani. Vumbi hula nuru ya buluu zaidi ya nyekundu, hivyo nyota yoyote ya mbali huonekana nyekundu na hafifu kuliko ilivyo. Nyota uliyoiona wewe ikiwa ya buluu kidogo ni ya buluu sana ukiliondoa vumbi.

Ndipo tunapofika kwa jirani. Mwishoni mwa mwaka 2002 ile nyota iliyovimba ilikuwa imepoa hata haikuwa na nuru ya buluu ya maana. Katika spektra, upande wa buluu, ikachomoza sahihi safi ya nyota nyingine: ya kundi la B3, changa, yenye joto, isiyo na dalili ya kuguswa na mlipuko. Ilikuwa pale siku zote, nuru yake ikiwa imezamishwa na ya mwenzake. Walipoupima mwangaza wake, ulikaribia sana ule wa nukta nzima katika picha za zamani.

Kwa hiyo nyota iliyolipuka ni kile kinachobaki ukitoa nuru ya jirani kwenye nuru ya jumla. Hesabu ni rahisi kwenye karatasi lakini ina hatari kubwa. Ni kama kumpima mtoto mchanga akiwa amepakatwa na mtu mzima juu ya mizani: ukikosea uzito wa mtu mzima kwa kilo moja tu, umeharibu uzito wote wa mtoto. Mwaka 2005 makundi mawili ya wataalamu hodari walifanya utoaji huo huo wakafika pande mbili tofauti kabisa. Ulisse Munari na wenzake walipata mabaki ya nuru ya nyota yenye joto la digrii 50,000 hivi, iliyozaliwa na uzito wa kama mara 65 ya Jua, ambayo kwa maoni yao ilipatwa na mlipuko wa ndani. Romuald Tylenda, Noam Soker na Ryszard Szczerba walisema hapana: palikuwa na nyota ya kawaida ya kundi B, yenye uzito kati ya mara 5 na 10 ya Jua, iliyogongana na kuungana na nyota ndogo. Miaka miwili kabla yao, Alon Retter na Ariel Marom walikuwa wamependekeza kwamba nyota ilimeza sayari, moja baada ya nyingine, ndiyo maana vilele vikawa vitatu.

Mimi niko upande wa kuungana, na sababu zangu hazitegemei utoaji ule wenye hatari. Mwaka 2007 Melike Afşar na Howard Bond walionyesha kwamba V838 iko ndani ya kikundi cha nyota changa za aina ya B, zenye umri usiozidi miaka milioni 25. Umri huo unafunga mlango wa kibete cheupe, kwa maana nyota inayoishia kuwa kibete huhitaji muda mrefu zaidi ya huo kufika hapo. Na nguvu iliyotolewa, iliyofikia kama mara laki sita ya ile ya Jua, ni kubwa mno kwa sayari kuielezea kwa urahisi. Nyota mbili zikiungana, nguvu ya mzunguko wao yatosha.

Hata hivyo ningekuwa nakuambia maoni tu, kama isingekuwa V1309 Scorpii.

Hii ilionekana Septemba 2008 katika kundinyota la Nge. Nayo ilianza kama nova, nayo ikapoa na kuwa nyekundu ndani ya miezi michache, kwa hiyo watu wakaikumbuka V838 mara moja. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na shahidi. Mradi wa OGLE wa Chuo Kikuu cha Warsaw, unaotumia darubini yenye kipenyo cha mita 1.3 huko Las Campanas, Chile, ulikuwa ukipiga picha za sehemu hiyo ya anga, iliyojaa nyota kuelekea katikati ya Njia Nyeupe, kwa shabaha tofauti kabisa: kutafuta nyota ambazo nuru yake inakuzwa kwa muda na mvutano wa kitu kinachopita mbele yake. Katika faili zao, nyota ile ilikuwa imepimwa zaidi ya mara elfu moja tangu mwaka 2001. Hakuna aliyekuwa akiifikiria.

Tylenda na wenzake walipoitoa faili hiyo na kuichora, walikuta kitu ambacho hadi leo nikikitazama nanyamaza kidogo. Mwangaza ulikuwa ukipanda na kushuka kila baada ya siku 1.4 hivi, na katika kila mzunguko palikuwa na vilima viwili. Hiyo ni sura ya nyota mbili zinazogusana, zimevutana hadi zimekuwa kama yai, na zikizunguka tunaona mara upande mpana, mara ncha. Mwaka hadi mwaka muda wa mzunguko ukawa unafupika, na ufupikaji wenyewe ukawa unaongeza kasi. Kati ya 2001 na 2007 ulipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, yaani dakika 20 na kitu. Zinadondokeana. Wakati huo huo kilima kimoja kilikuwa kikififia, hadi mwaka 2007 kikatoweka, kikabaki kimoja tu: nyota mbili zilikuwa zimeanza kuvikwa joho moja la gesi. Kisha nuru ikashuka, kana kwamba joho limekuwa zito. Machi 2008 ikaanza kupanda polepole, mawimbi yakafutika kabisa, na Agosti ikapaa.

Huo ndio utambulisho ulio kamili kuliko wowote tulio nao. Hatukukisia kutokana na rangi wala mabaki. Tuliziona nyota mbili zikiwa mbili, halafu tukaona moja. Na mabaki yake yana sura ile ile ya V838: jekundu, baridi, limejaa vumbi. Ndiyo sababu tangu mwaka 2011, matokeo hayo yalipochapishwa, kundi hili lote, tunaloliita nova nyekundu, linasomwa kama kuungana kwa nyota. Jina la nova limebaki kwa mazoea.

Bahati ya namna hiyo haitokei kila mara. Nova nyekundu ikitokea katika galaksi nyingine, tunategemea picha za Hubble zilizopo kwenye kumbukumbu. Mwaka 2015 moja ilionekana katika galaksi ya Andromeda, na katika picha za mwaka 2004 ikapatikana nyota mahali pake, yenye uzito wa kati ya mara 3 na 5.5 ya Jua na kipenyo cha kama mara 35, nyota iliyokuwa imeanza kuvimba kwa uzee. Hilo lina maana: nyota inayovimba humfuata mwenzake mpaka inamgusa. Kinachonisumbua katika kazi za aina hii ni kulinganisha mahali. Picha mbili hupangwa moja juu ya nyingine kwa kutumia nyota zinazoonekana katika zote mbili, na kosa dogo linaweza kukupeleka kwa jirani asiye na hatia. Dawa ni uvumilivu. Subiri mlipuko ufifie, piga picha tena, uone kama mtuhumiwa wako bado yupo. Kama yupo na hajabadilika, ulimshika asiyehusika.

Na pasipokuwa na picha yoyote? Hapo tunasoma majivu. CK Vulpeculae ilionekana kwa macho matupu mwaka 1670, na mtawa wa Ufaransa, Anthelme, aliiona mwezi Juni mwaka huo. Hakuna picha ya kabla, bila shaka. Lakini mwaka 2018 Tomasz Kamiński na wenzake walitangaza kwamba katika gesi inayoizunguka wamepata molekuli zenye alumini-26, atomi ya mionzi ambayo hutengenezwa ndani kabisa ya nyota, katika tabaka linalozunguka kiini cha heli. Haiwezi kutoka nje mpaka nyota ipasuliwe hadi huko ndani. Kwa hiyo angalau mmoja wa wale walioungana mwaka 1670 alikuwa jitu jekundu lenye kiini cha heli. Miaka karibu 350 baadaye, bila picha hata moja.

Kuhusu kuitambua kabla haijalipuka, imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2017 Lawrence Molnar na wenzake walitabiri kwamba nyota mbili zinazogusana, KIC 9832227, zingeungana karibu na mwaka 2022, kwa sababu muda wa mzunguko wake ulionekana kufupika kama ule wa V1309. Mwaka uliofuata watafiti wengine walipitia data upya wakakuta kosa la saa 12 katika kumbukumbu ya wakati wa kipimo kimoja cha zamani. Liliporekebishwa, dalili ya kudondokeana ikaondoka, na Molnar mwenyewe akakubali. Njia waliyoifuata ilikuwa sahihi. Utabiri uliegemea mno kipimo kimoja, na hilo linaweza kumpata mtafiti yeyote makini. Kwa maoni yangu, siku tutakayofaulu itakuwa kwa nyota iliyopimwa usiku mwingi mfululizo na mradi mmoja wenye saa moja, kama OGLE ilivyofanya bila kujua.

Umeuliza kuhusu nyota ya buluu, basi nikueleze yaliyoipata. Mwishoni mwa mwaka 2006 mwangaza wake ulififia kwa miezi miwili hivi, ukarudi, kisha baadaye ukazimika kabisa kwa macho ya darubini zetu. Haikufa. Gesi na vumbi lililorushwa mwaka 2002 lilikuwa limesafiri kwa miaka kadhaa mpaka likaifikia na kuimeza, jambo lililotuwezesha kukadiria kwamba iko mbali na mwenzake kwa kama mara 250 ya umbali wa Dunia na Jua. Mwaka 2021 Kamiński na wenzake walichapisha picha ya ALMA, mtandao wa antena wa Chile unaopenya vumbi hilo. Katikati kuna mabaki ya zile mbili zilizoungana, na pembeni, mahali pale jirani alipotarajiwa kuwa, kuna bonge la vumbi. Nyota yako imo ndani yake.